Usinunue Ua, Omba Tawi

Mteja anayesimamisha gari kwenye kitalu cha kando ya barabara jijini Dar es Salaam hutazama maua. Muuzaji hutazama vyungu. Anajua kwamba ua lenyewe, lililo ndani ya kiriba cheusi, mara nyingi ndilo lenye bei ndogo kuliko vyote vitakavyopakiwa garini. Faida iko kwenye chungu cha saruji kilichopakwa rangi, kwenye mfuko wa udongo, na zaidi kwenye safari ya pili, mteja atakaporudi baada ya mwezi kutafuta mmea wa kuziba pengo la ule uliokufa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka maua kibarazani, kwenye roshani ya ghorofa au mbele ya chumba cha kupanga, na hataki pesa ya maua ishindane na pesa ya mboga. Nimeuandika kwa kuifikiria Dar es Salaam na pwani kwa jumla, kwa sababu joto, chumvi na mgao wa maji wa huku vina hesabu yake. Msomaji wa Lushoto, Iringa au Arusha atabadilisha majina ya mimea. Mambo ya vyungu na udongo hayabadiliki sana.

Tuanze na mimea inayokufa, maana hiyo ndiyo inayokula pesa nyingi. Mmea wa chunguni hufa kwa sababu chache, na ya kwanza ni kuwekwa mahali usipopapenda. Kabla hujatoa shilingi, nenda ukatazame pale unapotaka kuweka maua mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri. Hesabu jua linakaa hapo kwa muda gani. Wenye roshani wawe waangalifu zaidi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halipiti upande mmoja mwaka mzima: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Roshani inayotazama kusini, yenye kivuli kizuri Julai, inaweza kuwa tanuri Januari. Anayeijaza maua ya kivuli wakati wa kipupwe atayafagia wakati wa kiangazi.

Penye jua la kutwa weka bogenvilia, adeniamu, vinka, lantana, taji la miiba na potulaka. Zote hizi huvumilia joto, na mtu akisahau kumwagilia siku mbili hazimlipizi kisasi. Penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, iksora, haibiskasi na asumini hukaa vizuri. Kwenye kivuli chenye mwanga weka impatiensi na violeti. Waridi na jarania zinazoshushwa kutoka nyanda za juu zinavutia sana siku ya kuzinunua, lakini joto na unyevu wa pwani huzichosha haraka. Waridi linawezekana ukilihangaikia. Jarania mimi nisingelitolea pesa Dar es Salaam.

Violeti na impatiensi zinastahili neno la ziada. Violeti ya Afrika ni mmea wa misitu ya milima yetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyeipeleka Ulaya kutoka Usambara. Impatiensi inayopandwa mijini duniani kote nayo asili yake ni Afrika Mashariki. Ilipofika Uingereza kutoka Zanzibar katika karne ya 19, ilipewa jina la kitaalamu la kumheshimu Sultani. Bustani za Ulaya hununua miche yake kila mwaka kwa sababu baridi huiua. Kwetu tawi lake likitumbukizwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi kwa wiki moja au mbili, kisha mmea huendelea mwaka mzima. Tunaona haya kupanda cha kwetu, halafu tunalipia kinachokauka.

Sasa chungu. Mmea haujui bei ya chungu. Unajua mambo mawili tu: una nafasi kiasi gani ya mizizi, na maji yanatoka au hayatoki. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha bogenvilia, asumini au haibiskasi kwa miaka kadhaa. Ulizia kwa mafundi rangi au kwenye nyumba inayomaliziwa kujengwa. Zilizopasuka mpini au kukosa kifuniko huenda ukapewa bure. Chagua zilizobeba rangi ya maji, uzisugue na kuzisuuza vizuri. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 ukililaza na kulikata ubavu wa juu linakuwa chombo kirefu cha vinka au potulaka, ila lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka ule utando wa mafuta uishe. Beseni lililopasuka, karai lililotoboka, sufuria iliyokwisha kazi jikoni, tairi kuukuu, mtungi uliovunjika shingo, vyote vinafaa. Chombo kilichobeba dawa ya shambani au kemikali ya kiwandani kiache, hata kiwe kizuri namna gani.

Usidanganyike na makopo madogo. Kopo la maziwa ya unga linapendeza kwenye picha, lakini kwa jua la Februari udongo wake hukauka kabla ya adhuhuri, na utalazimika kumwagilia mara mbili kwa siku au kuupoteza mmea. Makopo hayo yaweke kwa ajili ya kuotesha miche. Kwa mmea wa kudumu, chombo kimoja kikubwa ni nafuu kuliko vidogo vitano: kinakunywa maji kidogo zaidi kwa kila mmea, na kinakusamehe siku umesafiri.

Rangi ya chombo nayo ina gharama yake. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la magharibi huchemsha mizizi. Ipake chokaa nyeupe kwa nje, au ifunge kwa kipande cha mkeka uliochakaa. Ukitaka vyombo visivyolingana vifanane, mkebe mmoja wa rangi uliobaki kwa fundi unatosha kuvipaka vyote. Hiyo ndiyo siri ya vibaraza vingi vinavyoonekana vya gharama: vyombo vya kila namna, rangi moja.

Mashimo ni lazima. Pasha msumari wa inchi nne kwenye mkaa, ushike kwa koleo, utoboe matundu sita hadi nane kwenye kitako cha ndoo, kila moja unene wa kidole kidogo. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiupeleka moshi mbali nawe. Juu ya matundu tandika kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoke na maji. Wengi wameambiwa waweke kokoto chini ili maji yapite vizuri. Ukweli ni kinyume: maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, hivyo hubaki yamekaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Umetumia nafasi ya udongo kwa kitu kisichosaidia. Jaza udongo mpaka chini, halafu ndoo iweke juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapate pa kupita.

Ukiwa ghorofani huenda ukalazimika kuweka sahani chini ya chungu. Kimwage kila kinachobaki humo. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia, na kwa joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Kumwaga sahani mara mbili kwa wiki ni bure. Homa si bure. Ghorofani pia kumbuka uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30. Ipange karibu na ukuta wa nyumba, na usining'inize chochote kizito kwenye kingo za roshani juu ya njia ya watu.

Kama moyo wako uko kwenye vyungu vya saruji, vitengeneze mwenyewe. Chukua ndoo mbili, kubwa na ndogo, zilizopakwa mafuta machafu ya gari pande zitakazogusana na saruji. Changanya saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu, weka unene wa vidole viwili chini ya ndoo kubwa, simamisha humo vipande vya bomba au vijiti kwa ajili ya matundu, tumbukiza ndoo ndogo katikati na ujaze pembeni huku ukigongagonga hewa itoke. Ndoo zitoe kesho yake. Kwa siku saba chungu kiwe kinaloweshwa, la sivyo kitapasuka. Baada ya hapo kijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa ili ukali wa saruji upungue, kwa sababu mimea kama iksora haiupendi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unaweza kutoa vyungu vinane hivi vya ukubwa wa ndoo. Piga hesabu ya saruji na mchanga wa mtaani kwako, kisha ulinganishe na bei ya kimoja barabarani.

Udongo ndiyo sehemu ambayo sikushauri kubana sana. Mtu anayechota mchanga uani, akaujaza kwenye ndoo nzuri na kupanda ua la bei, amenunua ugonjwa. Mchanganyiko unaonitosheleza ni ndoo mbili za udongo mwekundu au wa tifutifu, ndoo moja ya samadi iliyoiva na ndoo moja ya kitu cha kuufanya mwepesi: maganda ya mpunga kutoka mashineni, au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Kwa muuza madafu makumbi ni taka, atafurahi ukiyaondoa. Yaloweke siku tatu au nne na ubadilishe maji, yatoe chumvi na rangi ile ya kahawia, ndipo uyachanganye. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa. Chumvi yake huunguza mizizi.

Pima mchanganyiko wako kwa mkono. Ulowanishe kidogo, ufumbate, kisha ufumbue. Ukibaki bonge gumu lisilovunjika kwa kidole, una mfinyanzi mwingi, ongeza maganda ya mpunga. Ukimwagika wote papo hapo, ni mchanga mtupu, ongeza samadi. Bonge linaloshikana kisha likavunjika kwa kuguswa ndilo unalolitaka.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva haina joto, hainuki kinyesi na huwezi kuitambua ilikuwa nini. Kwa kawaida hiyo ni samadi iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Wafugaji wa mjini wanayo nyingi kuliko wanavyotaka, na gunia moja mkigawana majirani watatu mtashangaa lilivyo rahisi. Samadi ya kuku ni kali: sehemu moja kwa kumi inatosha, na iwe imeoza kabisa. Udongo wa zamani nao usiutupe. Mmea ukifa, mwaga udongo juu ya turubai, toa mizizi, uanike juani siku kadhaa, uongeze samadi theluthi moja, uutumie tena. Isipokuwa kama mmea ulikufa kwa kuoza mizizi. Huo mwaga chini ya mwembe.

Na sasa miche, ambako pesa nyingi zaidi inaweza kubaki mfukoni. Maua mengi ya pwani huota kwa tawi. Hakuna haja ya kununua bogenvilia tano. Nunua moja ya rangi usiyoiona mtaani, nyingine ziombe. Pita mtaani jioni, piga hodi: "Mama Salma, shikamoo. Bogenvilia yako imenipendeza, ukiipunguza naomba matawi." Sijaona mtu mwenye bogenvilia anayekataa, mti wenyewe unamwelemea, unahitaji kukatwa, na miiba yake humchoma yeye kwanza. Ukienda na kiriba cha kitu chako, vinka au impatiensi, mtakuwa mmeanza kubadilishana.

Kwa bogenvilia na haibiskasi chagua tawi lililokomaa, unene wa penseli, si lile laini la kijani la ncha. Kata kipande cha urefu wa sentimita 15 hadi 20 chenye vifundo vitatu au vinne, sehemu ya chini ukiikata mshazari chini kidogo ya kifundo ili usisahau upande wa kuchomeka. Ondoa majani yote, au bakiza mawili ya juu. Chomeka kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na makumbi kidogo, vifundo viwili vikiwa ndani, ukandamize udongo kwa vidole ili usiache tundu la hewa. Weka kivulini, mchanga uwe na unyevu bila kutota. Majani yakichipua usishangilie bado. Tawi huweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe kabla halijatoa mizizi. Subiri wiki nane hivi, livute polepole. Likikataa, lina mizizi. Chomeka matawi kumi ukitarajia matano.

Asumini huwa bishi kidogo kwa tawi, lakini ina njia nyingine isiyogharimu kitu. Inamisha tawi refu mpaka liguse udongo wa ndoo ya pili iliyowekwa kando, likwaruze gome mahali litakapofukiwa, lifukie na uweke jiwe juu. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa limeshika mizizi huku bado linanyonyeshwa na mama yake. Likate, umepata ndoo ya pili. Na asumini ni ua linalorudisha fadhila. Mwenye ndoo mbili za asumini na moja ya rihani hanunui vikuba siku ya harusi ya jirani, na akitaka anaweza kuuza.

Taji la miiba na adeniamu zinataka subira ya aina nyingine. Ukikata tawi, liache kivulini siku tano hadi wiki mpaka kidonda kikauke, ndipo ulichomeke kwenye mchanga mkavu kidogo. Ukilipanda likivuja utomvu litaoza. Adeniamu iliyotokana na tawi huchanua vizuri lakini mara nyingi haipati lile shina nene lililovimba ambalo watu hulilipia. Kwa hilo tafuta mbegu, ambazo hukaa kwenye maganda mawili yaliyotokeza kama pembe. Yafunge maganda kwa uzi au kitambaa chepesi yanapokaribia kupasuka, la sivyo upepo utaondoka na mbegu zote, maana zina nyoya pande mbili. Vaa glovu au mfuko mkononi unapoikata. Utomvu wa adeniamu ni sumu, umetumika Afrika kupaka mishale, na wa taji la miiba huwasha ngozi na kuumiza macho. Vinka nayo haifai kuliwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa iweke hizi mahali pa juu.

Violeti hupandwa kwa jani. Chukua jani zima lenye kikonyo, punguza kikonyo kibaki sentimita tatu hivi, kichomeke kwenye kikombe cha mtindi kilichotobolewa, chenye udongo mwepesi. Baada ya miezi miwili mitatu utaona vichipukizi vidogo vikitokeza kwenye kikonyo, pengine vinne au vitano kutoka jani moja. Vikifikia ukubwa wa sarafu vitenganishe.

Kwa mbegu, maua ya kuanzia ni vinka, zinia na marigoldi. Ua moja la zinia au marigoldi lililokaukia mtini lina mbegu za kutosha ndoo kadhaa. Chuma likiwa la kahawia, siku isiyo na mvua, lianike kivulini, hifadhi kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na mwezi. Mfuko wa plastiki huweka unyevu na mbegu huota ukungu. Zile za pakiti zilizoandikwa F1 hutoa ua zuri mwaka wa kwanza, lakini mbegu utakazovuna hazitafanana na mama yao. Ukikusudia kuvuna, tafuta mbegu za kawaida. Vinka hujiotesha yenyewe chini ya ndoo. Usifagie kila kijani unachokiona.

Ikiwa lazima ununue, nunua kwa macho ya fundi. Achana na mche uliojaa maua yaliyofunguka. Utayafurahia wiki moja. Chukua wenye vitumba vingi na matawi kuanzia chini, hata ukiwa mfupi. Geuza majani utazame upande wa chini, na kwenye makutano ya tawi na shina utafute wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba. Tikisa shina taratibu: mche uliochomekwa juzi hulegea kiribani, na huo si mche bado, ni tawi unalouziwa. Uliza pia umekaa juani au chini ya kivuli cha wavu. Uliotoka kivulini uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja, vinginevyo majani yataungua na utadhani umeuziwa mbovu.

Maji watu huyaogopa kuliko inavyostahili. Ndoo kumi za maua, kila moja ikipata lita mbili kwa siku wakati wa joto, zinakunywa lita 20, yaani dumu moja. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, kwa hiyo inatosha siku 50. Itafute uniti hiyo kwenye bili yako utaona ni kiasi gani. Shida huja bomba likikauka na dumu likawa linanunuliwa kwa mkokoteni. Hapo ndipo maji ya pili yanapokuwa na thamani: ya kuoshea mchele na mboga, ya kusuuzia nguo, ya kiyoyozi. Kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi usiku hutoa lita kadhaa za maji yasiyo na chumvi, na mitaani mengi yanamwagika ukutani bure, tega ndoo. Maji ya povu la kwanza la kufulia na yoyote yenye jiki yamwage mbali na maua.

Wenye visima vya maji ya chumvi, na Dar es Salaam ni wengi, wapime kwa mimea. Bogenvilia na potulaka huvumilia. Impatiensi na iksora huanza kukauka kingo za majani. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, chumvi imejikusanya: mvua ikinyesha sogeza ndoo nje zioshwe vizuri, au mimina maji matamu mengi mara moja mpaka yatoke chini. Iksora ikigeuka njano huku mishipa ya majani imebaki kijani, mara nyingi udongo wake una chokaa nyingi, jambo la kawaida kwenye udongo wa mawe ya matumbawe na kwenye vyungu vipya vya saruji. Ihamishe chombo na udongo. Jivu la mkaa usiipe; litaizidishia tatizo hilo.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si juu ya maua, na kabla hujamwagilia chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Naamini maua ya ndani ya nyumba yanayokufa kwa kunyweshwa kupita kiasi ni mengi kuliko yanayokufa kwa kiu. Funika uso wa udongo kwa makumbi au majani makavu, na panga ndoo karibu karibu ili zikingiane jua.

Mbolea: samadi kiganja kimoja au viwili kila mwezi, ikichimbiwa kidogo juu ya ndoo, inatosha maua mengi. Ukitaka ya dukani, nenda duka la pembejeo wanakopima kwa kilo, uchukue NPK kidogo. Kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20 kwa mwezi, udongo ukiwa umelowa. Kilo moja itakukalisha zaidi ya mwaka. Urea iache, itakupa majani bila maua, hasa kwenye bogenvilia, ambayo huchanua zaidi ikibaniwa maji na kulishwa kwa kiasi. Maji ya maganda ya ndizi yanasifiwa kupita uwezo wake: yana potasiamu kidogo na karibu hayana naitrojeni. Maganda hayo yakioza kwenye ndoo ya mboji pamoja na mabaki ya mchicha na majani ya chai yanafanya kazi kubwa zaidi. Machicha ya nazi yaweke machache, huita sisimizi.

Wadudu wachache waondoe kwa mkono au kwa mswaki mkuukuu uliochovywa maji ya sabuni. Wakizidi, ponda majani ya mwarobaini, uyaloweke usiku kucha, chuja, tia kijiko cha sabuni ya maji kwa kila lita, upulize jioni chini ya majani, urudie baada ya siku tano. Hakuna sababu ya kununua chupa ya sumu kwa ndoo kumi.

Pesa kidogo uliyoitenga itumie kwenye vitu vitatu: gunia la samadi iliyoiva, mkasi mkali wa kukatia matawi, na mmea mama mmoja wenye afya wa kila aina usiyoweza kuiomba. Masika ya pwani huanza Machi, na matawi yanayochomekwa wiki za mwanzo wa mvua huwa tayari kuhamishiwa ndooni mwishoni mwa Mei au Juni, jua likiwa limepoa. Kwa hiyo kusanya ndoo na uchanganye udongo Januari na Februari, na uwapigie hodi majirani kabla hawajachoma matawi yao.